Nilimsingizia Jirani Kuniibia Intaneti

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Mungu amenipa uhai na mchungaji amenipa dakika kumi. Kwa uhai nashukuru. Kwa hizo dakika kumi mnivumilie, maana mnanijua mdomo wangu.

Nimesimama kwa sababu kuna mtu nilimchafulia jina mbele zenu, halafu msamaha nikauomba jikoni kwake, tukiwa wawili tu. Yeye alinisamehe. Lakini ninyi niliowaambia uongo, sikuwarudia kuwaambia ukweli. Leo nimekuja kulirudisha jina lake pale pale nilipolichafulia. Sitamtaja.

Wengi mnaifahamu steshenari yangu hapa mjini Same. Natoa kopi, nachapa, najazia watu maombi ya vyuo na ya vyeti vya kuzaliwa. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha tangu mume wangu aumie mgongo. Mtandao ukikatika, mimi ni mwanamke aliyekaa na mashine zinazokusanya vumbi, na vumbi la Same halingoji kukaribishwa.

Mwaka jana, wakati wa joto, mtandao ukaanza visa. Asubuhi uko vizuri kabisa. Ikifika saa saba mchana, unakatika. Kiduara kinazunguka kwenye kompyuta, mteja anaangalia saa, mimi namwangalia mteja. Jioni watu wakishaondoka unarudi, kama mgeni aliyesikia vyombo vimeshaoshwa.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Kijana akaniuliza kwa upole, "Mama, umejaribu kuzima na kuwasha tena?" Nikaona ananidharau. Nikamwambia, "Nimezaa watoto wanne, wewe unanifundisha kuzima na kuwasha?" Nikamkatia simu. Ndugu zangu, nawaambia, yule kijana alikuwa ameukaribia ukweli kuliko mimi, ila sikumpa nafasi ya kuuliza swali la pili.

Sasa, ukuta mmoja na mimi kuna jirani yangu, dada mmoja fundi cherehani. Kila mchana wateja wake hukaa barazani wakisubiri kupimwa, kila mmoja na simu mkononi. Nikajumlisha moja na moja, nikapata saba. Mchana mtandao wangu unakufa, mchana baraza lake limejaa simu! Tena neno la siri nilimpa mimi mwenyewe, siku binti yake alipotaka kuangalia matokeo ya mtihani. Nikalibadilisha haraka. Kesho yake saa saba mtandao ukakatika vilevile. Mtu mwenye akili angesema, basi si yeye. Mimi nikasema, mwanamke huyu mjanja, hata jipya ameshalipata.

Mnacheka. Subirini.

Jumapili iliyofuata tulikuwa hapo nje kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Dada yule alikuwa ametoa dau la mkungu wa ndizi, watu wanamshangilia, mnadi anachombeza. Nikapaza sauti: "Wengine wanajua kununua ndizi za Bwana, kumbe mtandao wanaiba kwa jirani!" Hakuna aliyeuliza nani. Wote mlimgeukia yeye. Akaweka khanga yake sawa begani, akaondoka, mkungu ukabaki pale chini. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mshindi.

Tangu siku ile hajasimama mnadani. Baraka ikishatolewa, yuko njiani kwenda nyumbani. Mmeona wenyewe. Na wapo miongoni mwetu waliohamishia vitambaa vyao vya kushona kwa fundi mwingine.

Ikapita kama miezi miwili hatusalimiani, na mtandao wangu bado unakatika. Siku moja akaja mzee mmoja kutoka Kihurio, kumjazia binti yake maombi ya chuo. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo. Mzee alikuwa ameacha zamu yake ya maji kwenye mpunga ili aje, na hiyo ilikuwa safari yake ya pili. Tulianza vizuri. Tumefika kwenye kuweka cheti, saa saba ikaingia. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Mzee wangu," nikamwambia, "ni huyu jirani. Ananiibia mtandao."

Akanitazama kwa hasira. "Umemwona akiiba?"

"Sijamwona, lakini..."

"Mwanangu, kwetu maji yasipofika shambani, mtu hashiki panga akamfuata jirani. Anaufuata mfereji, hatua kwa hatua, mpaka aone yamekwama wapi. Wewe umeufuata?"

Mimi nikabofya tena kompyuta. Akatoka nje akinung'unika, nikajua amekwenda kutafuta steshenari nyingine. Kumbe alikwenda kwa huyo huyo jirani kuomba maji ya kunywa, na akamweleza shida yake.

Nikasikia, "Hodi." Ni jirani, mzee nyuma yake.

Ndugu zangu, miaka tisa mtu yule alikuwa anaingia kwangu bila hodi. Neno lile lilinichoma kuliko tusi. Na siku zote alizoea kuniita mdogo wangu. Siku ile akasema, "Mama, sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa huyu mzee. Hebu tuufuate huo mfereji."

Tukaanza mwisho, pale maji yanapotakiwa kufika. Akaniuliza, "Simu yako inashika mtandao huo huo wa kompyuta?" Nikajaribu, haifungui kitu. "Basi kompyuta haina kosa," akasema. Tukasogea na simu mpaka karibu na ruta, kile kiboksi kinachogawa intaneti. Bado. "Basi si umbali wala ukuta." Mzee akauliza, "Taa zake zinasemaje?" Nikasema, "Taa sizioni, kimefunikwa."

Hapo niwaeleze. Ruta yangu ilikaa juu ya friji la soda. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Shighatini, aliikuta iko wazi. Akashangaa: "Kitu cha thamani hivi unakiacha uchi kwenye vumbi?" Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono wake, akakikunja mara mbili, akaifunika. Juu akaweka na maua ya plastiki. Mnaniangalia kana kwamba nyumbani kwenu redio haijavaa kitambaa! Nani kati yetu anamwambia mama mkwe atoe kitambaa chake? Mimi nilikuwa nakifua, nakipiga pasi, nakirudisha.

Dada yule akaweka mkono juu ya kitambaa, akauondoa upesi. "Hii inachoma kama pasi! Joto la Same, joto la friji, halafu umeivalisha sweta. Asubuhi inavumilia. Mchana itapumulia wapi?"

Akakivua kitambaa. Chini yake taa moja nyekundu ilikuwa inawaka. Tukaichomoa ruta, tukaiweka kwenye kiti karibu na dirisha, mzee akawa anaipepea kwa kofia yake. Tulisubiri mpaka tulipoigusa tukaona imepoa. Tukaichomeka. Taa zikawaka moja moja, za kijani, na mwisho ile iliyokuwa nyekundu nayo ikageuka. Mimi nikakaa chini, machozi yakanitoka mbele ya mteja. Nililia kwa aibu.

Maombi ya binti yalifika kabla dirisha halijafungwa. Mwaka huu yuko chuoni, na mzee akija mjini hupita kuniuliza, "Mfereji unatoa maji?"

Jioni ile nikaenda jikoni kwa jirani. Nikamwambia, "Dada, nimekukosea." Alikuwa anachagua mchele, hakuinua macho upesi. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mdogo wangu. Ila wewe ulinisema kwenye umati." Akaendelea kuchagua mchele. Nimekaa na sentensi hiyo miezi mitatu, nikiogopa kusimama hapa.

Somo langu ni dogo. Mtandao ukikusumbua, nyumbani au dukani, usikimbilie lawama. Angalia kama ni chombo kimoja kinachokataa au vyote. Angalia kama bando limeisha. Hilo nalo limenipata, nikacheka peke yangu. Angalia taa, shika waya uone kama haujalegea, shika ruta uone kama haiungui. Izime, ipumzike kidogo, iwashe. Ikishindikana ndipo upige simu, na ukipiga umsikilize yule kijana mpaka mwisho. Juzi ulikatika tena. Nikaufuata mfereji mwenyewe, nikakuta waya umechomoka nilipokuwa nafagia. Sikumwita mtu. Nilifurahi jamani!

Ruta sasa iko kwenye kibao ukutani, juu, inapata hewa. Kitambaa kinatandikwa mezani chini ya birika. Mama mkwe alipokiona huko akasema, "Afadhali. Pale juu kilikuwa kinapauka." Nikammiminia chai.

Namshukuru mzee wa Kihurio kwa ukali wake. Namshukuru mume wangu, aliyeniambia tangu mwanzo kwamba namsingizia mtu, nikamwambia yeye anyamaze na mgongo wake. Namshukuru Mungu asiyetulipa sawasawa na midomo yetu.

Na wewe dada, najua umekaa karibu na mlango, tayari kutoka. Ndugu zangu, sikilizeni: hakuniibia chochote. Nilisema uongo, na aliyekuwa mwizi hapo ni mimi, niliyemwibia jina. Dada, nimeleta mkungu wa ndizi kutoka mlimani, uko pale nje kwenye mnada. Nakuomba leo usiwahi kutoka. Dau la kwanza ni lako, na hakuna atakayefungua mdomo kabla yako, nikianza na mimi.