Mwalimu Cornel Margwe na Nyimbo Alizorekodi Ghalani (1980–2025)

Baba Paroko, walimu, wanakwaya, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika hapa Dirma leo Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, kumsindikiza Mwalimu Cornel. Familia imeomba maisha yake yasomwe yote, pamoja na ile sehemu ambayo watu wamekuwa wakiinong'ona tangu Krismasi. Ezekiel, mdogo wake, ndiye aliyesema kwanza. "Isomwe yote. Mkiiruka, mimi sisimami pale kaburini." Basi inasomwa.

Cornel alizaliwa tarehe 3 Agosti 1980 katika kijiji cha Masakta, Hanang, wakati huo Manyara haijawa mkoa, tukihesabiwa wote Arusha. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Margwe na Mama Ludovika, ambaye tunaye hapa. Mama Ludovika anasimulia kwamba mtoto alipotoka alilia kwa sauti nzito mpaka mkunga akacheka, akamwambia, "Mama, umezaa mzee."

Alisoma shule ya msingi hapohapo Masakta kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha sekondari Dongobesh, 1995 hadi 1998. Huko mwalimu wa kwaya alimpanga sauti ya nne, ile nzito ya chini, bila kumjaribu. Alimsikia tu akiitika "nipo" wakati wa kuita majina, akaona inatosha. Wenzake walimtania, "Cornel, toka kisimani tuongee." Yeye alicheka nao, na alikuwa anacheka chini vilevile.

Baada ya chuo cha ualimu aliajiriwa mwaka 2002, akapangiwa shule ya msingi huko Basotu kufundisha hisabati. Madarasa yalikuwa jirani na mashamba ya ngano, na msimu wa mavuno kombaini zilinguruma mpaka mwalimu hasikiki. Mwalimu mwingine angefunga madirisha. Cornel aliyafungua, akawauliza watoto, "Hiyo inaimba noti gani?" Wakabishana, hawa do, hawa so. "Ni la," akasema, "ila imechoka, inaelekea so." Wanafunzi wale wengine wako hapa leo na vitambi vyao, na wanakiri kwamba wakisikia kombaini mpaka sasa wanaitafutia noti.

Huko Basotu ndiko alikompata Natalia, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa. Cornel alisema kwaya ile ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na kasoro moja: kati yake na Natalia walisimama watu wengi mno. Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 2006. Mwaka 2009 alihamishiwa Dirma, wakajenga hapa tulipoketi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Evelyne, Octavian na Vitalis.

Mashine iliingia nyumbani mwaka 2017. Tabibu wa zahanati, Abdulrahim, mtu wa Tanga aliyekuwa amepangiwa huku kwetu kwenye baridi, alikuwa na kompyuta ndogo iliyochoka kiasi kwamba kuiwasha ilikuwa kama kuamsha mlevi. Akamletea Cornel.

"Mwalimu, hii Windows imeishinda. Nimeitoa, nimeiwekea Linux. Sasa inakimbia."

"Linux ndiyo nini?"

"Ni kazi ileile ya Windows, ila ni ya watu wote. Waliitengeneza wakaiacha wazi. Ukiitumia hujaiba, na hakuna anayekudai."

Hilo la kutoiba ndilo lililomshika Cornel. Mjini mafundi wanakupa programu yoyote ya muziki kwenye flashi, imevunjwa kufuli, na karibu kila studio ya njiani inaishi hivyo. Yeye alikataa. Programu ya kurekodia aliyoichagua ilikuwa ya bei ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuibeba, na aliilipia kwa simu, tena akamwonyesha kila mgeni risiti yake. Ezekiel alimcheka. "Kaka, unalipia kitu ambacho Katesh wanakigawa bure?" Cornel akamjibu, "Nitamwimbiaje Mungu kwa jembe la wizi?"

Studio yake ilikuwa ghala la mahindi. Sio kwa kukosa chumba. Aligundua kwamba magunia yakijaa mpaka juu yanameza mwangwi, sauti inatoka safi, imetulia, kama mtu anakuimbia sikioni. Ukifikiria ni ajabu, kwamba chakula kinaweza kuboresha wimbo. Kwa hiyo alirekodi kuanzia mavuno ya mwezi wa saba, na kadiri familia ilivyokula ndivyo mwangwi ulivyorudi, mpaka ikifika Februari ghala linalia kama debe tupu na kazi inasimama. Mwaka wa njaa hakurekodi kabisa. Kompyuta yenyewe ilikaa nje ya ghala, maana feni yake ilikuwa na kelele, na waya ulipita dirishani. Yeye ndani na maikrofoni, Natalia nje kwenye kigoda. "Haya, Mama Evelyne," anasema, na Natalia anabonyeza.

Aliyejaliwa kuchungulia kioo cha kompyuta aliona sauti zikichorwa. Ya Natalia ilipanda na kushuka kama vilima vya kwenda Mbulu. Ya Cornel ilikuwa pana, imelala. Kulikuwa na kazi nyingi ambayo mtu wa nje haijui. Sauti ikitoka mdomoni inaingia kwenye mashine, inazunguka, inarudi masikioni imechelewa kidogo, kama mtu anakuigiza nyuma yako. Ukiilazimisha kuwahi, mashine inashindwa, inatoa mikwaruzo kama bisi zinapasuka. Cornel alipambana na jambo hilo miezi, akisoma majibu ya watu wa mataifa ambao hawajui Dirma iko wapi, mpaka akaliweza. Akatunga nyimbo tisa. Wanakwaya wa hapa Dirma waliingia ghalani kwa zamu, mmoja mmoja, wakarekodi sauti zao, wakatoka na vumbi la mahindi kichwani. Sauti ya nne aliiacha mwisho, aimbe mwenyewe.

Mwaka 2024, mwezi Aprili, sauti ile ilianza kukwaruza. Ilidhaniwa vumbi. Huko hospitali ya rufaa, Moshi, madaktari walikuta saratani kwenye sanduku la sauti, wakamweleza waziwazi: ikitolewa sasa, mwezi wa tano, kuna matumaini makubwa ya kupona. Ila hataongea tena kwa sauti yake, na kuimba ndiyo basi.

Cornel akauliza kama inaweza kusubiri mavuno.

Natalia alikuwa ameketi pembeni yake. Anasema daktari alidhani mgonjwa ni mkulima anayeogopa kuacha shamba, akamwambia ndugu watavuna. Cornel akasema, "Hawawezi kuvuna hiki."

Walibishana njia nzima ya kurudi. Natalia alimwambia watoto wanataka baba, hawataki kaseti. Mama Ludovika alilia. Ezekiel alimwambia, "Kaka, wewe si padri, hujafunga nadhiri na hizo nyimbo. Kakatwe." Alijibu kwamba mtu akienda safari ambayo hatarudi anaaga, na yeye anaomba kuaga tu. Hakuna aliyemshinda.

Mavuno yalikuwa mazuri mwaka huo. Julai ghala lilijaa. Aliimba asubuhi, kabla koo halijachoka, mstari mmoja, anapumzika, anakunywa maji ya uvuguvugu, mstari mwingine. Siku nyingine alipata neno moja tu linalofaa. Ilipofika Oktoba wimbo wa tisa ulikamilika, akatoka ghalani, akamwambia Natalia kwa sauti iliyobaki kama upepo kwenye majani makavu, "Imekwisha. Sasa wakate." Nyimbo zote alizinakili kwenye diski ya pembeni, akamkabidhi mkononi. "Hii ndiyo sauti yangu. Itunze." Natalia akaifunga kwenye kanga, akaiweka sandukuni pamoja na nguo za ubatizo wa watoto.

Alifanyiwa upasuaji Moshi tarehe 12 Novemba 2024. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshashuka kwenye tezi za shingo.

Sasa ndiyo sehemu ile. Wanakwaya, kwa mapenzi, waliamua kwamba Mwalimu akirudi akute zawadi. Walikuwa wanajua kompyuta yake ni ya ajabu, haifanani na za watu, kila mara anahangaika nayo. Wakachangishana, wakamtuma Ezekiel aipeleke kwa fundi mmoja Katesh ipigwe Windows mpya, na nyimbo zitolewe kwenye sidii zizinduliwe Krismasi. Natalia akafungua sanduku, akampa na diski, maana nyimbo zilikuwa humo.

Ezekiel mwenyewe ndiye aliyetueleza ilivyokuwa. Fundi aliiwasha, akashangaa. "Bro, hii hata Windows haina. Mmeishije?"

"Ndiyo maana tumeileta. Ipigie hiyo Windows."

"Ndani kuna kitu cha kubaki?"

"Vitu vyote viko kwenye hii diski."

Fundi akafuta kila kitu, akapiga Windows. Ikang'aa. Kisha akachomeka diski, na mashine ikasema haiisomi. Cornel alikuwa ameiandaa kwa namna ya Linux, na Windows ikiona diski ya namna hiyo inadhani ni tupu au mbovu.

"Hii nayo imekufa," fundi akasema. "Inaomba ifomatiwe."

"Ikifomatiwa inapona?"

"Inakuwa mpya kabisa."

"Fanya," Ezekiel akasema.

Ikawa mpya kabisa. Nyimbo hazikuonekana, na fundi akamwambia labda mwalimu aliziweka kwingine, akirudi atazionyesha. Ili asiondoke mikono mitupu, akamjazia diski yote muvi na bongofleva, kama ofa.

Cornel alirudi tarehe 20 Desemba. Walikuwa wamepamba ua. Alikuwa na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa, na ubao mdogo wa shule wa kuandikia kwa chaki. Wakamwekea kompyuta mbele yake, wakamwambia afungue. Aliitazama ile picha ya Windows. Akachomeka diski, akaitazama nayo. Wanakwaya walikuwa bado wanapiga makofi. Ezekiel anasema alijua palepale, kwa sababu kaka yake alikuwa anafungua mdomo na kuufunga, na hakuna kitu kilichokuwa kinatoka.

Aliandika, "Nani?" Ezekiel akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Cornel akafuta, akaandika, "Asante kwa zawadi." Akawaonyesha wote, akaenda kulala.

Abdulrahim, aliyekuwa ameshahamishiwa Singida, alikuja Januari na vifaa vyake. Kompyuta ilikuwa imefunikwa na Windows, akaichimba ile diski kutwa nzima. Alichopata ni vipande: jogoo, kikohozi, Natalia akiuliza nani kafungulia mbuzi, na kilichobaki ni watu wa kwenye muvi wakipigana risasi. "Mwalimu, zimefunikwa na hizi muvi," alisema. "Diski ingebaki tupu ningeziokoa. Zimefunikwa." Akalia, mtu mzima, mbele ya watoto. Cornel ndiye aliyembembeleza begani.

Mwezi Machi 2025 alianza matibabu ya mionzi, akaenda na kurudi Moshi, akikonda. Mvua za mwaka huu mnazijua. Ghala halikujaa. Kuna mchana mmoja Natalia alimkuta ameketi humo peke yake, ubao magotini. Alikuwa ameandika, "Ningejua, ningekubali mwezi wa tano." Natalia akausoma. Akaketi naye tu. Familia haikuficha maneno hayo, kwa kuwa ndiyo ya mwisho marefu aliyoyaandika. Baada ya hapo yalikuwa maji, mto, geuza.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Mkono mmoja aliushika Natalia, mwingine Ezekiel. Kati ya ndugu hao wawili halikubaki deni, Cornel alihakikisha hilo. Lakini kusamehewa hakumrudishii mtu usingizi, na tunaomba majirani mlikumbuke mnapomwona Ezekiel njiani. Msimwulize tena.

Tangu jana wengi mmekuja kwa wanaosimamia spika mkiuliza mbona wanapiga kwaya za watu wengine, si wapige za Mwalimu. Hazipo. Hakuna hata moja. Aliwakataza watu kurekodi kwa simu, akisema subirini itoke ikiwa safi. Baada ya wasifu huu kwaya itaimba wimbo wake mmoja kwa kukumbuka, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne alikuwa nayo kichwani, hakuiandika na hakumfundisha mtu. Mtasikia pale palipo wazi. Hawajakosea.

Ameacha mama yake, Mama Ludovika. Mke wake, Natalia. Watoto, Evelyne, Octavian na Vitalis. Na mdogo wake, Ezekiel. Wapo pia wanafunzi aliowafundisha Basotu na Dirma kwa miaka ishirini na tatu.

Apumzike Mwalimu Cornel, na huko aliko kimya kiwe cha amani.