Mashimo Sitini na Mawili ya Mama Notburga Kapinga

"Mashimo ni yangu, jembe ni langu, na maharage yakikomaa mtakuja kuniomba nyie. Sasa hizo bunduki mnazozitafuta humo nimezizika saa ngapi, na kupika napika mimi?"

Hayo ni maneno ya marehemu Mama Notburga Tarsisi Kapinga kwa mwenyekiti wa kijiji cha Nakitenje, kaskazini mwa Msumbiji, Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2019, mbele ya vijana tisa wenye mapanga. Wasifu wa wengine huanza na kuzaliwa. Huyu tumeona tumwanze kwa mdomo wake, maana wengi wenu ndio mliomfahamu nao. Sasa azaliwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966 hapa Mpepai, wilaya ya Mbinga, mtoto wa tatu wa Mzee Tarsisi Kapinga na Mama Beata, wote wametangulia. Alibatizwa wiki iliyofuata. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba hata siku hiyo alimkazia padre macho toka mwanzo mpaka mwisho, kama anayetaka kujua maji yale yametoka wapi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa na kumaliza darasa la saba mwaka 1980. Akiwa darasa la tano alimrudishia mwalimu daftari la hesabu, akasema jibu lile limewekewa vema lakini si sahihi. Mwalimu akaangalia, kweli. Akamuuliza kwa nini hakunyamaza akafurahia maksi zake. Akajibu kwamba alidhani anategwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kitu kizuri kikimjia bila jasho, alikizunguka kwanza.

Kazi yake ilikuwa kilimo. Alilima kahawa, mahindi na maharage, na kwenye ngoro hakuwa na mpinzani. Kwa wageni mliotoka mbali, ngoro ni kilimo chetu cha mlimani. Mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba. Mwanamke huchimba udongo wa katikati na kuyafunikia. Panabaki shimo, maji ya mvua yanatulia humo, mlima hauporomoki, na majani yanaoza chini kulisha mazao. Vilevile alifundisha watoto mafundisho ya Komunyo ya kwanza kwa miaka kumi na saba, na hakuna aliyepita kwa kubahatisha.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Katekista Ignatio Ndimbo wa Lundo, kule ziwani. Alikwenda kuishi kwa watu wa samaki, lakini ziwa hakuliamini. Shemeji yake alipompakia mizigo kwenye mtumbwi kwenda Mbamba Bay, aliiacha mizigo itangulie, yeye akaenda kwa miguu. Alifika baada ya mizigo, vumbi mpaka kwenye nyusi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuikagua. Kila Machi alipanda kuja Mpepai kuchimba ngoro zake, kisha akarudi kwa mume. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2018 parokia moja ya Msumbiji iliomba katekista anayejua Kiswahili, mwenye familia, akakae na waumini waliotishwa na vurugu. Ignatio akakubali kabla hajamuuliza mkewe. Marehemu alinuna siku tatu, ya nne akafunga mizigo. Januari 2019 walipitia Tunduru, wakavuka Ruvuma darajani Mtambaswala, wao wawili na binti yao wa mwisho, Glorious, aliyekuwa na miaka kumi na miwili.

Nakitenje walipewa nyumba nzuri, lakini salamu zilikuwa za nusu mdomo. Vijiji vya jirani vilikuwa vinachomwa, na ilisemekana miongoni mwa wachomaji wamo watu kutoka Tanzania. Sasa hawa wametokea Tanzania. Simu ya Ignatio ikilia, watu walinyamaza wasikilize. Glorious alipochora ramani ya shule, mtu aliichukua na hakuirudisha. Marehemu naye hakuwa nyuma. Alijua nani kapita mbele ya nyumba mara ngapi, na begi lake halikufunguliwa hata siku moja.

Machi ikafika, na mikono ikamwasha. Akamfyekesha mumewe mteremko ulio nyuma ya kanisa. Mtu wa ziwani, miraba yake ilikwenda upande. Marehemu akachimba siku kumi na mbili. Hapa kwetu ukiona mlima wa namna hiyo unasema, huyu mwanamke ana nguvu. Kule waliona mashimo yaliyopangwa mistari, na majani yamefukiwa kama ya kuficha kitu. Jirani yao, mjane aitwaye Ida, akaenda kuyahesabu. Sitini na mawili. Kaya za kijiji zilikuwa sitini. Waliokuwa wakinong'ona bunduki sasa wakanong'ona na makaburi.

Ndipo mwenyekiti akaja na wale vijana tisa. Ignatio alijaribu kueleza ngoro akajikanyaga, maana kwao wanajua nyavu. Mwenyekiti akauliza, "Kaya zetu ni sitini. Hayo mawili ni ya nani?"

"Ya wenye maswali," akajibu marehemu.

Familia inakiri kwamba jibu hilo halikusaidia. Wakapewa mpaka Jumanne: wafukie yote na waondoke, la sivyo wataitiwa askari, na siku zile aliyeitiwa askari hakujua kama atarudi. Ignatio alisema wafukie. Marehemu alisema akifukia amekiri.

Jumatatu asubuhi Ida akaja na jembe. Hakusalimia. Alisema anataka aone mwenyewe kinachozikwa. Akafukua tuta la kwanza, la pili, la tano, akakuta majani. Akamwita mwenyekiti, akamwonyesha mbele za watu. "Mwanamke huyu anazika majani," alisema. "Ni mjinga au ni mkulima. Mwuaji si yeye." Kisha akayarudishia matuta aliyoyabomoa, akaendelea kuchimba na marehemu mpaka jua likazama. Jumanne ikapita, hakuna aliyekuja kuwafukuza.

Kwa desturi yetu, mtu akikulimia siku moja umekopa siku moja. Marehemu aliahidi kwenda shambani kwa Ida Alhamisi. Jumatano kijiji cha jirani kikachomwa. Nakitenje yote ikatawanyika, Ida akakimbilia kusini, familia ikakimbilia Ruvuma.

Walifika Mpepai tarehe 9 Aprili 2019. Wengine wenu mliopo hapa mliuliza pembeni, mbona hawa hawakuguswa, walikubaliana nini na wale watu? Marehemu aliwasikia. Alizijua sauti zenu, na majina alikuwa nayo. Aliwapikia hivyohivyo kwenye misiba yenu.

Alianza kuugua mwaka 2023, miguu ikivimba. Ikagundulika ni figo. Alitibiwa Mbinga na baadaye Songea, akiwahoji madaktari zaidi ya walivyomhoji yeye. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, saa nne asubuhi, Ignatio akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Katekista Ignatio Ndimbo, watoto Damiano, Rosa na Glorious, wajukuu watano, na kaka yake, Othmar Kapinga.

Familia inatangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, amwone Damiano kabla ya kuondoka. Deni moja tunalifunga hapa wenyewe.

Tarehe 2 Juni mwaka huu kwenye simu ya Glorious uliingia ujumbe wa sauti kutoka Msumbiji. Mwanamke alisema yeye ni Ida, yuko kambini, namba kapewa na padre. Marehemu, kitandani, badala ya kufurahi akauliza padre kaipata wapi. Akaagiza aulizwe: kama ni Ida kweli, siku ile shambani walikula nini?

Jibu likaja. "Hatukula, Mama Glorious. Wewe ulikiogopa chungu changu, na mimi nilikiogopa chako. Tulilima na njaa."

Ndipo marehemu akaishika simu mwenyewe. Akasema siku ya jembe bado anadaiwa, na miguu aliyonayo haitafika.

"Hiyo siku nimekusamehe," Ida akajibu. "Hapa kambini nimepata kipande mlimani, nimechimba mashimo kumi na moja. Wameshaanza kuniuliza nazika nani."

Marehemu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Aliusikiliza ujumbe mara tatu, halafu akamwambia Glorious asiufute, Ida asije akageuka.

Haujafutwa. Apumzike sasa kwa amani Mama Notburga. Kwa Ida hadaiwi.