Upande wa Yefim

Benchi letu liko nyuma ya duka la nyavu, bandarini Tromsø, mahali ambapo jua la Aprili hufika kabla halijafika kwingine. Ukikaa hapo unaziona meli za utafiti zimefungwa kamba, na ng'ambo ya barabara unauona ukumbi wa mikutano. Wiki ile ukumbi ulijaa wageni wa kila taifa, wamekuja kupanga mwaka mkubwa wa utafiti wa ncha za dunia: meli ya nani iende wapi, nani apime barafu, nani apime maji. Sisi mwaka kama huo tulishautumikia zamani. Mimi wananiita Redio, maana ndiyo kazi niliyofanya melini. Solbjørg, mpishi wetu, ni Admirali, na hakuna nahodha aliyewahi kumbishia. Eilert ni Teksi; barafu ya baharini ameiona kwa kupitia kioo cha gari tu. Na Torgeir, mtu wa vipimo, ni Nanga, kwa sababu akishakaa haondoki. Siku hiyo alitakiwa akahutubie ukumbini baada ya chakula cha mchana, na alikuwa amegoma.

— Nanga, watu wanakungoja, alisema Admirali huku akimimina kahawa. Umevaa mpaka tai!

— Nimeghairi.

— Umeghairi nini? Si wamekuomba uwaeleze tu mpango wetu wa mwaka ule ulifanikiwaje? Unapanda, unasema, unashuka.

Teksi akadakia:

— Asipokwenda yeye nakwenda mimi. Mpango ule niliufanikisha mimi.

— Wewe? nikamuuliza.

— Mimi, Redio. Mnawakumbuka Wajerumani na Wakanada walivyokuwa hawasemezani, kila mmoja anataka meli yake ndiyo ipite kaskazini? Niliwapakia gari moja. Nikaingia nao kwenye handaki la mlimani, nikafika kwenye ule mzunguko wa mle ndani, nikawa nauzunguka tu. Wakauliza, mbona hatutoki? Nikawaambia, tutatoka mkipatana.

— Mwaka jana ulisema ni Wafaransa.

— Wafaransa walikuwa kwenye buti.

— Muongo mkubwa we! alisema Admirali. Walipatana jikoni kwangu. Niliweka sufuria ya supu ya samaki mezani, nikaifunika, nikaketi mlangoni. Nikasema hapa hakuna kula mpaka hizo ramani zipatane. Profesa mwenye njaa ni mtu mwema ajabu.

— Acheni hizo, nikasema. Uliowapatanisha ni ukungu. Ndege haziruki, hawana pa kwenda, ikabidi wapendane.

— Na ukungu nani aliuleta? akauliza Teksi.

Tukacheka, isipokuwa Nanga. Kwa kawaida yeye ndiye wa kuutia chumvi uongo wa Teksi. Safari hii alikuwa anaitazama kahawa yake inavyopoa.

— Jana niliingia mle ndani, akasema. Wametundika ramani. Kila meli ina rangi yake. Upande wetu rangi hazina hata pa kukanyaga. Upande wa mashariki mweupe. Mweupe pee. Upande wa Yefim.

Kicheko kikatukauka.

Yefim alikuwa mwenzake Nanga kwenye meli ya Warusi. Mpango ulisema meli mbili zisimame mbali, yetu magharibi, yao mashariki, na kila mchana zishushe vipimo baharini kwa wakati mmoja, ili ijulikane maji ya uvuguvugu yanapenya vipi chini ya barafu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaunganisha kwa redio ya upepo. Walikuwa na lugha yao, nusu Kirusi nusu Kinorwe, na matusi mengi ya kirafiki katikati. Kisha barafu ikaivunja winchi ya Warusi, ile mashine ya kushushia vipimo. Yefim hakuacha. Akawa anashusha kipimo kwa kamba, kwa mikono, na mabaharia wawili wakimshikilia kiunoni asiende nacho. Siku moja alichelewa, nahodha wetu akataka kung'oa nanga. Nanga akaenda akasimama mbele ya usukani. "Hatuondoki mpaka mwenzangu ashushe," akasema. Tulingoja. Sauti ya Yefim ilipotokea hewani inahema, hata nahodha alipiga makofi.

Miaka ikapita, Warusi wakaingia vitani, na ofisi za huku zikaacha kuandikiana na za kule.

Hapo akatokea binti mmoja amevaa makoti mawili, kitambulisho cha mkutano kinaning'inia shingoni.

— Samahanini wazee wangu. Mlango wa ukumbi uko wapi?

— Kaa kwanza, binti, unatetemeka, alisema Admirali, akimpa kikombe. Umetoka wapi?

— Goa. Naitwa Revati. Niko kwenye kamati ya bahari. Ile ramani niliipaka rangi mimi.

Nanga akainua kichwa.

— Kumbe ni wewe uliyemwacha Yefim mweupe.

— Sikuwa na meli ya kuweka pale, mzee. Yefim ni nani?

Tukamweleza wote kwa pamoja, tukikatizana. Hata Teksi alisema kweli. Binti alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekumbatia kikombe.

— Na yeye mwenyewe anasemaje?

Hakuna aliyejua. Zilizokatazwa ni ofisi. Sisi hakuna aliyetukataza simu.

— Nilikuwa sijui nianzie wapi, alisema Nanga taratibu. Nikawa nasema kesho.

Akatoa simu. Masikio yake yaliharibiwa na mashine, kwa hiyo huweka sauti ya juu, tukasikia sote. Iliita sana. Kisha sauti nzito ikasema:

— Nani amekufa?

— Hakuna. Ni mimi, Torgeir.

— Nimekujua. Nauliza, nani amekufa?

— Hakuna aliyekufa, Yefim. Tuko wazima wote. Solbjørg huyu hapa.

Admirali akaisogelea simu kumsalimia.

— Sasa kama hakuna aliyekufa, mbona umekaa kimya miaka yote hii?

Nanga akainuka, akazima spika, akatembea na simu hadi ukingo wa gati, akatugeuzia mgongo. Aliongea kwa muda mrefu. Mara moja tulimwona akicheka, mara moja akafuta uso kwa ncha ya tai.

Aliporudi alimwambia Revati, "Twende, mwanangu," wakavuka barabara. Tulimfuata, tukasimama nyuma ya ukumbi. Alipanda jukwaani bila karatasi.

— Mnaniuliza mpango wetu ulifanikiwaje, alisema. Upande wa pili kulikuwa na mtu. Nilikuwa najua yupo. Basi.

Akashuka. Watu wakapiga makofi.

Tulipotoka nje Admirali alimshika Nanga mkono.

— Yefim alikuambia nini pale gatini?

— Alisema amezeeka. Nikamwambia na mimi.

— Na bahari je, mliizungumzia?

— Bahari hatukuifikia, alisema Nanga.