Maisha ya Kaka Yetu, Mlinzi wa Kisiwa cha Ndege

Marehemu kaka yetu, tuliyemwita Manyoya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mwokota mayai. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1975. Daftari zake zilinuka mayai, maana kila Jumamosi alivuka na baba kwenda kisiwani kuokota mayai ya ndege wa porini, wakayauze sokoni.

Mwaka 1979 kisiwa kilifanywa hifadhi, kuokota mayai kukapigwa marufuku. Mwaka uliofuata kaka aliajiriwa mlinzi, kwa kuwa hakuna aliyevijua viota kama yeye. Baba alimnunia mwaka mzima. Mwaka 1985 kaka alihesabu viota elfu nne na mia mbili, akaandika kwenye daftari lake la ndege.

Alifunga ndoa tarehe 7 Juni 1986, akamhamishia mkewe kisiwani. Asubuhi ya kwanza bibi harusi aliziba masikio.

"Hawa ndege wako hawanyamazi?"

"Wanakuamkia, shemeji yao."

Linalofuata shemeji ameagiza lisemwe, la sivyo atasimama aliseme mwenyewe. Godoro lao la harusi lilikaa stoo kwa wazazi wa shemeji miezi mingi. Walipolitua kisiwani, panya wawili walichomoka ndani yake.

"Wawili tu, nitawanasa," kaka alisema. Hakutoa taarifa.

Panya walizaana, wakala mayai na makinda. Kufikia 1994 hakikubaki kiota hata kimoja. Ofisi ilipouliza, kaka alijibu, "Waliingia na gunia langu la unga." Alivuliwa cheo. Mtaani akaitwa Bwana Panya, na mdogo wake anayesoma haya alimwita hivyo pia.

Kaka alitega mitego kisiwani miaka kumi na saba. Panya wa mwisho alinaswa mwaka 2011. Ndege hawakurudi. Shemeji anasema baada ya hapo kilichomnyima usingizi ni ule ukimya.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Kila shemeji alipoingia wodini, kaka aliuliza, "Wametua?"

"Bado, baba watoto."

"Basi andika bado."

Alifariki tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, watoto wawili na wadogo zake watatu.

Jana shemeji alivuka, akazunguka kisiwa chote, akafungua daftari la mumewe na kuandika: bado.

Kaka, umelinda vya kutosha. Lala salama.