Mstari Mweupe wa Antipasi Calist Njiku

Marehemu Antipasi Calist Njiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Issuna, ambacho sasa kiko Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Calist Njiku na Mama Joyce, ambao wote wametangulia mbele za haki. Kabla ya kuendelea, ndugu waombolezaji wafahamishwe kwamba jana alasiri kampuni aliyowahi kuifanyia kazi ilileta shada la maua pamoja na wasifu wa marehemu ilioandika yenyewe, umechapwa kwenye karatasi inayong'aa, ukisema marehemu alikuwa "mfanyakazi wa mfano". Shada lile pale, limeegemezwa kwenye uzio wa mbuzi. Karatasi tuliwashia jiko la chai asubuhi ya leo, na hata moto ilichelewa kushika. Jina la kampuni halitasomwa hapa. Ukurasa huu ni wa Antipasi, na umeandikwa na dada yake Anastazia, anayewasomea.

Antipasi alikuwa mtu wa mashoto. Baba yake, kwa kuogopa aibu mbele ya wageni, alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga wakati wa kula. Akajifunza kula kwa mkono wa kulia. Mengine yote, kuanzia kuandika mpaka kukaza bolti, aliendelea kuyafanya kwa kushoto, na mzee mwenyewe mwishowe alichoka. Jambo hili dogo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Singida, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Mwaka uliofuata alikwenda Arusha kusomea ufundi sanifu wa mitambo, akahitimu mwaka 2001. Aliporudi na cheti, baba mdogo Hosea alimuuliza mbele ya watu: "Fundi sanifu ndiyo nini? Mhandisi aliyefeli?" Watu wakacheka sana. Antipasi akamjibu kwa adabu: "Mhandisi anaichora bolti, baba. Mimi ndiye ninayejua kama imekazwa." Baba mdogo yupo hapa, kakaa kwenye kivuli kizuri kuliko wafiwa. Shikamoo, baba.

Kuanzia mwaka 2002 alifanya kazi Manyoni, akitengeneza matrekta na mashine za kukamua alizeti. Huko ndiko alikoanza desturi ambayo wote mnaijua. Kila alipokaza nati kwa spana ya kupimia mkazo, mpaka spana yenyewe ikasema tak, alitoa kalamu ya rangi nyeupe mfukoni akapitisha mstari mmoja mwembamba kutoka juu ya nati hadi kwenye chuma kilichoishikilia. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika, na mpita njia yeyote anaona. Mafundi wengine nao hufanya hivyo. Ila Antipasi alikuwa na sheria yake: aliyekaza ndiye anayechora. Hakuwahi kuchorea nati ya mtu mwingine, awe rafiki, awe bosi. Na kwa sababu ya ule mkono wake, mistari yake yote ililala kushoto.

Tarehe 7 Oktoba 2006 alifunga ndoa na Cecilia, binti kutoka Mkiwa. Siku ya kupeleka barua ya posa, wazee walipokuwa wanazunguka mbuyu na maneno yao matamu, mkwe mtarajiwa aliinuka, akaenda mlangoni, akaanza kukaza bawaba iliyokuwa inalia. Akaichora mstari. Mama mkwe akanong'ona kwa sauti ya kusikika uwanjani: "Huyu kaja kuoa au kukagua nyumba?" Cecilia anasema ndipo alipomkubali moyoni. Bawaba ile mpaka leo haijalia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Selina na Anselm.

Januari 2021 alihamia Utemini, mjini Singida, baada ya kupata kazi katika karakana ya kuunganisha bajaji za umeme. Yeye alisimamia fremu, breki, magurudumu na vishikizo vya mota. Mafundi wa magari ya petroli mjini walimwita "fundi wa tochi". Walikuwa wakimwona barabarani wanapiga makofi na kumulika simu zao mchana kweupe, watu wazima wenye wake na watoto. Leo watatu kati yao wamefika msibani kwa bajaji za umeme, na wamezichomeka kwenye umeme wa jirani bila hata kubisha hodi. Msijifiche, tumewaona.

Sasa tufike pale ambapo wengi wenu mlikuwa mnasubiri tupapite haraka.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, karakana ilikuwa na bajaji kumi na mbili za kuzinduliwa Jumatatu mbele ya mgeni rasmi. Meneja Leonard, bwana mmoja ambaye hata kizibo cha chupa hufunguliwa na mtu mwingine, aliingia akiwa na orodha ya wageni mkononi.

"Ziko ngapi tayari, fundi?"

"Saba, bosi. Tano magurudumu ya nyuma yamekazwa kwa vidole tu."

"Mgeni amealikwa kwa kumi na mbili."

"Basi aje Jumatano."

Wafanyakazi wakacheka. Meneja hakucheka. Alimwambia Antipasi aende nyumbani akapumzike, na Antipasi akaenda. Jumatatu utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, na bajaji zote kumi na mbili zilikuwa na mistari myeupe kwenye kila nati. Zilipendeza mno.

Tarehe 25 Oktoba, bajaji namba tisa, iliyopelekwa Mkiwa, ilichomokwa na gurudumu la nyuma ikiwa imembeba Mama Editha, mfanyabiashara wa vitunguu. Alivunjika mguu wa kulia sehemu mbili. Tarehe 2 Novemba Antipasi alikabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi kwa "uzembe uliokithiri". Ushahidi ulikuwa picha ya nati yenye mstari mweupe. Alipoiona alisema maneno machache: "Huu si wangu. Umelala kulia." Meneja akamjibu: "Yaani sasa tupime kesi kwa ulalo wa rangi?" Kesi ikaishia hapo, kwa akili ya kiwango hicho.

Marehemu hakuwahi kusimulia kilichotokea ile Jumamosi baada ya yeye kuondoka. Tumekisikia juzi, jikoni kwetu, kutoka kwa mmoja wa wafanyakazi tisa waliobaki karakana siku hiyo. Alisema meneja mwenyewe alichukua kalamu, akasema, "Mstari ni rangi tu," akachora nati zote za zile bajaji tano, moja baada ya nyingine, na wao wakiwa wamesimama wanatazama. Wengine walimshikia tochi. Alisimulia haya huku akilia na sahani ya wali mkononi, akatuomba tusimtaje. Hatumtaji. Alipomaliza kulia aliongezewa mchuzi. Wote tisa wapo hapa leo, mstari wa tatu kutoka mbele, na meneja kakaa mbele yao na miwani yake ya jua. Miezi ishirini na moja wamekutana na Antipasi sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji, wakamsalimia, wakamuuliza habari za nyumbani. Huo ndio ujasiri wao wote.

Na sisi ndugu tusijipake manukato. Tulisema "labda kweli alisahau". Baba mdogo Hosea aliacha kupita kwake. Dada yake mwenyewe, huyu anayesoma, alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mtu aliyepima mkazo wa mashine kwa miaka ishirini akabaki anatengeneza viti vya plastiki na baiskeli, kwa kuwa hakuna aliyetaka afunge gurudumu lake.

Mtu mmoja tu alimuuliza swali la maana. Mwezi Desemba mwaka ule Antipasi alikwenda Mkiwa kumtembelea Mama Editha, akiwa amembebea fremu ya kutembelea aliyoitengeneza kwa mabomba. Mama Editha akamtazama, akamwambia: "Baba, niambie wewe mwenyewe. Ni wewe uliyefunga lile gurudumu?"

"Hapana, mama."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nililiacha halijafungwa nikaenda nyumbani. Ilinipasa nilivue kabisa nilifiche. Hilo ni langu."

Mama Editha anasema alilia siku ile kuliko siku aliyovunjika. Amekuja leo na fremu hiyo, na kila bolti yake ina mstari uliolala kushoto. Mkitaka kuona mwandiko wa marehemu, uko pale pembeni yake.

Mwezi Agosti 2024 Antipasi alianza kuvimba miguu, na uchunguzi ukaonyesha figo zimeharibika. Alitibiwa Singida, kisha Dodoma, ambako alisafishwa damu kwa miezi kadhaa. Wataalamu wa barazani, ambao hata dawa ya kichwa huwa wanaagiza kwa kusema rangi yake, walitangaza kwamba ameliwa na umeme wa betri. Daktari ameandika figo. Atakayesema betri leo baada ya ubwabwa wetu, asituage wakati wa kuondoka.

Wiki ya mwisho dada yake alimwomba amtaje aliyechora. Antipasi akatabasamu. "Dada, nikisema mimi, nitakuwa nimemchorea mtu mwingine. Waacheni wachore wenyewe." Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika ule mkono wa kushoto.

Dada yake hana uvumilivu wa namna hiyo, na ndiyo maana amewasomea yote haya. Lakini neno la marehemu litaheshimiwa. Kwenye kitabu cha waombolezaji, hapo mezani, ukurasa wa kwanza umeachwa mtupu. Una nafasi ya majina tisa na maelezo mafupi ya kilichoonekana Jumamosi ile. Kuna nafasi ya kumi, iwapo meneja atavua miwani. Kalamu ipo. Mama Editha atakaa kando ya kitabu hicho mpaka mtu wa mwisho atoke uwanjani, na ana muda wa kutosha, maana hakimbii tena.

Marehemu ameacha mke, Cecilia. Watoto wawili, Selina na Anselm. Dada mmoja, Anastazia. Na baba mdogo mmoja, ambaye bado anaweza kusogea kukaa na wafiwa.

Baada ya kuaga, jeneza litafungwa na binti yake Selina, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ufundi sanifu wa mitambo. Skrubu ni nane. Atazikaza mwenyewe zote kwa bisibisi ya baba yake, na kila moja ataichora mstari mweupe. Tulimshauri mistari ailaze kushoto, kama ya baba. Amekataa. Amesema yeye ni wa mkono wa kulia, na anayekaza ni yeye.

Pumzika, Antipasi. Hii imekazwa.