Lau za Mzee Mabula

Mheshimiwa Mtemi wetu, Padre, wazee wangu shikamooni, nanyi wazazi mliokatiza palizi mje kuniaga: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimefundisha historia hapa Ushirombo miaka ishirini na minane, na leo ninapostaafu naomba niseme ukweli: nimechoka na "lau". Kila Jumapili baada ya Misa, pombe ikishakolea, ni zilezile. Lau Mjerumani asingeshindwa vita, reli ingefika hapa! Lau babu zetu wangeungana, nani angetutawala? Hivi, wazee wangu, kuna aliyewahi kuvuna lau akajaza kihenge?

Bingwa wa lau amekaa pale mbele, rafiki yangu Mzee Mabula. Yake mnaijua: "Lau ningesoma, leo ningekuwa karani wa Mtemi." Mnacheka? Asichowaambia ni kwamba tarishi wa Mjerumani alipokuja kuchukua watoto wa shule, baba yake alimficha kihengeni, akamfunika mtama. Watoto waliotakiwa wakapungua mmoja. Wakubwa wakatazama huku na huku, wakamwona yatima anachunga mbuzi wa watu, hana wa kumficha. Yatima huyo ndiye mimi Mihayo.

Kwa hiyo, Mabula, lau yako naijua kuliko wewe. Baba yako angekuacha nje, leo ungesimama wewe hapa, nami ningekuwa bado na wale mbuzi. Nimekula nafasi yako, na sijaisahau hata siku moja.

Ndiyo maana nina hasira, tena inaniuma. Kesho asubuhi lori la misheni linawapeleka wasichana shule ya bweni. Nyamizi, binti yako, amewashinda wote kwenye mtihani. Jana nilikuja kwako, mkaniambia yuko kwa shangazi yake huko Runzewe. Mabula! Nilimsikia akipiga chafya kihengeni.

Tunataka kujitawala, nami nataka sana. Hao watakaotawala watatoka wapi, kwenye mtama? Safari hii hakuna yatima wa kuziba pengo. Padre ameniomba jina lingine, nimekataa. Kiti cha Nyamizi kitaondoka na Nyamizi, au kitaondoka kitupu, na wewe upate lau nyingine ya kunywea pombe.

Blanketi mlilonizawadia ni zuri, Mungu awabariki, lakini mimi ninalo la zamani. Mabula, njoo ulichukue hili jipya, umpe mtoto; nasikia huko bwenini kuna baridi. Wengine wote, ahsanteni kwa kunivumilia. Nimesimama, namsubiri Mabula.