Mabanda Mawili ya Mama Hamira

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mama mmoja mfugaji wa kuku wa nyama, aliyetutoka wiki tatu zilizopita. Mtaa mzima tulimwita Mama Hamira. Na niseme mapema, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Mama huyu alioka mikate miaka ishirini. Alipoacha, akaanza kufuga, na hamira yake akaihamishia kwenye chakula cha kuku. Kijiko kimoja kwa kila ndoo. Alisema hawaharishi ovyo, na wananenepa upesi. Tukamcheka. Jirani akamwuliza kama kuku wataumuka hadi wapasue banda.

Alitaka kitu kimoja tu: bwana mifugo akubali, awaambie na wafugaji wengine. Bwana mifugo akataka ushahidi wa mizani. Basi mama akajenga mabanda mawili. Vifaranga hamsini huku, hamsini kule. Chakula kilekile. Huku hamira, kule hakuna.

Wiki ya sita wakapimwa. Kilo mbili na robo huku, kilo mbili na robo kule. Akarudia upya. Uzito uleule. Narudia, wasikilizaji: mara mbili, sawasawa. Bwana mifugo akaandika kwamba hamira haisaidii kitu, akafunga daftari. Mume wa marehemu anasema mkewe alikaa juu ya ndoo nyuma ya banda mpaka jioni.

Sasa sikilizeni. Aliyemsaidia kulisha ni wifi yake. Nilimkuta msibani anaosha masufuria, akanieleza mwenyewe.

"Niliwaonea huruma wale wa kule. Wenzao wanapewa, wao wananyimwa kama watoto wa kambo. Nikawa nawatilia na wao."

Nikamwuliza kama marehemu alijua.

"Nilimwambia baada ya ile mara ya pili. Akaniangalia weee. Akasema, 'Wifi, umenimaliza kwa huruma yako.' Akaenda kununua kufuli."

Mara ya tatu, banda la kule likafungwa. Ufunguo akauvaa shingoni. Wiki tano zikapita salama. Zikabaki siku nne wapimwe. Siku nne, jamani. Mama akaanguka jikoni, na hakuamka.

Waombolezaji wakajaa, na lazima wale. Shemeji zake wakavunja kufuli. Kuku wa mabanda yote mawili wakachinjwa, wakapikwa pamoja. Hakuna aliyepima hata mmoja. Nimemwuliza kila aliyenyonyoa. Mmoja anakumbuka kulikuwa na wazito kwelikweli. Wa banda lipi? "Aa, kuku ni kuku, kaka." Nami nilikula. Mapaja mawili.

Daftari la bwana mifugo bado linasema vilevile.

Kwa mume, watoto, na wewe wifi mtu, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji, kama nyumbani kwenu kuna mtu anahangaika na jambo msilolielewa, mkae karibu naye leo, mumwulize anatafuta nini. Mimi nilimcheka miaka mitatu. Sasa maswali ninayo, na wa kumwuliza sina.